Mama Mkwe na Zimwi la Kijani

Nilikuwa na mpango wa miaka 11. Haukuwa mkubwa. Wenzangu walioko huku Marekani wanapanga kujenga Kibaha, wengine kununua Coaster ya ruti ya Mbagala. Mimi nilipanga kwenda Fenway Park, uwanja wa besiboli kule Boston, peke yangu, siku isiyo na mechi, nilipe kiingilio cha ziara, nizungushwe na mtu anayejua anachokisema, halafu nitafute kiti, nikae, ninyamaze. Basi. Hapo kwenye kunyamaza ndipo penye utamu wote, maana nyumbani kwangu Lowell kuna mtoto wa miezi miwili, na kuna mama mkwe.

Mama amekuja kutoka Temeke kumlea mzazi. Sina ubaya naye, niliweke hilo wazi mapema kwa sababu safu hii huwa anasomewa. Anapika, anamwogesha mtoto, na mimi ananikaribisha vizuri kabisa katika nyumba ninayoilipia kodi. Shida ni kwamba nimelelewa na watu wa ukwe wa kweli. Babu yangu akimwona mama mkwe wake anakuja njiani, alikuwa anaingia kwenye mtama anachuchumaa mpaka apite. Lowell hakuna mtama. Kuna sebule moja, televisheni moja, na rimoti ambayo tangu mama afike sijaigusa.

"Jumamosi nataka kulala," mke wangu akasema. "Si unakwenda kwenye uwanja wako? Nenda na mama."

"Mama atachoka. Kule ngazi nyingi."

"Maji yakikatika mama anapandisha ndoo kichwani mpaka ghorofa ya tatu. Nenda na mama."

Nieleze kwanza mtu mzima wa Kitanzania aliingiaje kwenye besiboli, maana najua mnajiuliza. Nilipofika nilipata kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya jioni. Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia alikuwa hali chakula mpaka televisheni iwe kwenye Red Sox, timu yenye Fenway yake. Timu hizi zinacheza mechi 162 kwa msimu, na hapo bado mtoano. Mtu ukilazimishwa kuangalia kitu mara 162 kwa mwaka, utapenda hata mashindano ya kukuna nazi. Siku moja mzee akaniambia kijana, huwezi kukaa tu hapo, chagua timu. Nikatazama kioo. Upande mmoja walikuwa wamevaa nyekundu na nyeupe. Mimi ni mtoto wa Msimbazi, nimezaliwa Simba, sikuhitaji kuelezwa zaidi. Mzee akafurahi, akadhani amenishawishi kwa hoja.

Alinifundisha mengi yule mzee. Kwamba mpira ule mdogo una mishono miwili miwili 108 ya uzi mwekundu. Kwamba kabla ya mechi mipira yote mipya inasuguliwa kwa tope maalumu linalochotwa mtoni huko New Jersey, ili isiteleze mkononi. Tope la kuletwa kutoka jimbo lingine! Alipofariki, mwaka mmoja baada ya ubingwa wa 2018, familia yake ikanipa kofia yake. Ina jasho la miaka sijui mingapi kwenye ukingo. Hiyo ndiyo niliyoivaa Jumamosi ile.

Mama akatoka chumbani amevaa gauni la kijani na mtandio wa njano.

Sikusema kitu. Mama mkwe wangu ni Yanga, mtu wa Jangwani, mtani wa Simba yangu. Si Yanga wa kuulizwa matokeo Jumatatu, ni Yanga wa kadi, na kadi yenyewe ni ya zamani kuliko mke wangu. Siku ya posa yangu swali la kwanza halikuwa kabila wala kazi. Mjomba alipotaja kwamba mimi ni Simba, mama alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kila mtu ana mtihani wake.

Kwenye treni ya kutoka Lowell tulikaa viti vya kukabiliana, mimi nikitazama dirishani kama mfungwa. Tukashuka North Station kubadilisha. Inayokwenda Fenway inaitwa Green Line, mabehewa yake ya kijani, alama zake za kijani, mpaka mstari kwenye ramani ni wa kijani. Mama akaitazama inavyoingia, akajitengeneza mtandio.

"Kumbe mmepata usafiri wa timu," akasema.

Kwa nje Fenway haina makuu. Ni matofali mekundu, madirisha marefu, mtaa mwembamba. Mama akauliza tunapita kwenye godauni la pamba kwenda wapi. Nikamwambia ndiyo hapa, mama, tumefika. Akanitazama kwa huruma. Amezoea uwanja unaouona toka mbali ukiwa kwenye daladala.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee mchangamfu wa miaka kama 70, na kundi letu lilikuwa la watu 20 hivi. Akaanza na maswali. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali haya miaka 11, nasema kweli. Nilikuwa nimesoma. Akauliza: nani anajua uwanja huu ulifunguliwa lini? Nikapumua nijibu, katoto ka miaka minane kenye meno mawili kakasema tarehe 20 Aprili 1912, siku tano baada ya Titanic kuzama. Makofi. Nani anajua siku hiyo tulimfunga nani? Kale kale: watu wa New York, 7 kwa 6, vipindi 11. Makofi tena. Nikamgeukia mama nimtafsirie, maana hiyo ndiyo kazi niliyobakiwa nayo.

"Hako katoto kana akili," mama akasema. "Wewe hujui hata moja?"

Kutafsiri besiboli kwa Kiswahili, tena kwa adabu ya ukwe, ni kazi ninayoweza kumwombea adui. Nilianza vizuri.

"Huyu anatupa, mama, yule ana gongo anapiga. Akikosa mara tatu anatoka. Akiupata anakimbia vituo vinne anazunguka. Akirudi nyumbani ni pointi moja."

"Nyumbani wapi?"

"Pale pale alipoanzia."

"Sasa si angebaki tu."

Nikaendelea. Nikamweleza kwamba anayetupa siku hizi ana saa, sekunde 15 kama vituo vyote vitupu, sheria ya mwaka 2023, kwa sababu walikuwa wanachelewesha mno. Akatikisa kichwa, akawaza, halafu uso ukamkunjuka.

"Hii ni rede!"

"Siyo rede, mama."

"Mmoja kati, wenzake wanamtupia mpira. Nimecheza rede mimi. Na akipigwa na mpira?"

"Anapewa kituo cha kwanza bure."

"Bure? Rede ukipigwa unatoka." Akawatazama wale wazungu wote kwa zamu. "Hawajui kucheza rede hawa."

Tukaingizwa majukwaani. Sasa hapa lazima niwe mkweli, nilitaka kulia, na ningelia kama si kuwa nimeongozana na mkwe. Unatoka kwenye ujia wa giza, mara nyasi. Si nyasi za plastiki, nyasi zenyewe, zimekatwa kwa mistari ya kupishana kama mkeka. Televisheni haikuwa imenionyesha jinsi kila kitu kilivyo karibu. Nguzo ya njano ya kona ya kulia, wanayoiita Pesky's Pole kwa heshima ya mchezaji wao Johnny Pesky, iko mita 92 tu kutoka anaposimama mpigaji. Ningeweza kuhesabu hatua.

Mwongozaji akatuambia tukae. Viti vya jukwaa lile ni vya mbao, vya mwaka 1934. Nikamwambia mama: mbao hizi ni za zamani kuliko Yanga, iliyoanza 1935, na Simba, 1936. Alivutiwa na hiyo mpaka akakipapasa kiti. Kisha akakaa, nami sikuwa na pengine, nikakaa pembeni yake, na hapo nikagundua kwamba mwaka 1934 watu hawakuwa na makalio. Au walikuwa na njaa. Ilikuwa enzi za mdororo wa uchumi. Bega langu likagusa bega la mama mkwe. Nyonga sitaki hata kuiandika. Nikasikia babu yangu anageuka kaburini, anatafuta mtama.

"Kaa vizuri, mkwe," mama akasema. "Unaning'ang'ania nini?"

Nikasimama. Ziara iliyobaki nimeifanya wima.

Ikaja hadithi ya laana. Kila shabiki wa Red Sox anaijua kama sala. Babe Ruth alikuwa wa hapa, alitwaa nao ubingwa 1915, 1916 na 1918. Mwishoni mwa 1919 mwenye timu, Harry Frazee, akamuuza kwa Yankees ya New York, dola 100,000, na juu ya hapo akachukua mkopo kwa tajiri wa Yankees, dhamana ikawa uwanja huu huu. Mama akaniinulia mkono ninyamaze kidogo.

"Amemuuza nyota kwa watani?"

"Ndiyo, mama."

"Na uwanja akauweka rehani kwa watani?"

"Ndiyo."

"Wanachama walikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaendelea kwamba tangu ule wa 1918 wakakaa miaka 86 bila ubingwa. Themanini na sita. Ruth alikuwa anaitwa Bambino, kwa hiyo ikaitwa laana ya Bambino. Mama akainama karibu yangu, kwa sauti ya mtu anayeuliza mambo ya ndani.

"Hawakuwa na kamati ya ufundi?"

Wasomaji wa huko nyumbani mnaijua kamati ya ufundi. Ni ile isiyohusika na ufundi. Ni ile inayosababisha timu iingie uwanjani kwa mlango wa nyuma, kinyumenyume, na mtu mzima mwenye suti amwage kitu golini saa kumi usiku. Nilitaka kumwambia mama kwamba hawa ni watu wa vyuo vikuu, hapa ni Boston, Harvard iko ng'ambo ya mto. Lakini nilikuwa nimesoma, kumbukeni. Mwaka 2001 shabiki mmoja alikwea Everest akaiacha kofia ya Red Sox kileleni, na kule kambini akachoma ya Yankees. Na kuna wapiga mbizi walioingia kwenye bwawa moja mji wa Sudbury wakitafuta piano ambayo inasemekana Ruth aliitumbukiza humo, waitoe, laana ikatike. Nikamweleza yote hayo.

"Si ndiyo kamati ya ufundi hiyo," mama akasema, ameridhika kabisa.

Mwaka 2004 ikakatika. Walikuwa wamefungwa na Yankees mechi tatu mfululizo, ya nne wako nyuma kipindi cha mwisho, ndipo mchezaji wao Dave Roberts akaiba kituo cha pili, yaani akakikimbilia kabla mpira haujapigwa. Umewahi kumtafsiria mtu wa Temeke kwamba jamaa ameiba, uwanja mzima ukashangilia, na mpaka leo anaheshimiwa? Nilijaribu mara mbili. Mama alitaka kujua kama alirudisha. Basi wakashinda ile, na tatu zilizofuata, wakaenda kuwapiga Cardinals ya St. Louis nne bila, na usiku wa mwisho wa ubingwa mwezi ulikuwa umepatwa. Mama alipenda zaidi hapo kwenye mwezi.

Mwongozaji akaongeza kitu ambacho nilikuwa nimekisikia kwa mzee wangu. Kwamba baada ya ubingwa ule watu walikwenda makaburini. Waliwapelekea baba na babu zao kofia, magazeti ya siku ile, vibendera, wakaviweka juu ya makaburi, kwa sababu marehemu wale waliishi wakafa wakisubiri. Nikatafsiri. Kwa mara ya kwanza toka asubuhi mama hakuwa na la kusahihisha.

"Hapo wamefanya vizuri. Wametambika." Akaitazama kofia kichwani kwangu. "Na yule mzee wako, wewe ulimpelekea nini?"

Nikajifanya napiga picha.

Kwenye ukingo wa paa upande wa kulia wametundika namba za wachezaji ambao jezi zao hazivaliwi tena. Ted Williams, 9. David Ortiz, mtu wa Jamhuri ya Dominika, 34. Namba zote nyekundu, isipokuwa moja, 42, ya bluu. Mama ana jicho.

"Huyo wa bluu alichezea hapa?"

Huyo ni Jackie Robinson, nikamwambia, mtu mweusi wa kwanza kuruhusiwa kwenye ligi kuu ya zama hizi, 1947, na namba yake imestaafishwa kwa timu zote. Hakuchezea hapa. Lakini alikuja hapa. Aprili 1945 walimleta uwanjani huu, pale chini, wakamfanyia majaribio yeye na wenzake wawili. Akapiga mipira vizuri. Akaondoka. Hawakumwita. Red Sox ikawa timu ya mwisho kabisa kumpokea mchezaji mweusi, Pumpsie Green, mwaka 1959.

Mama alikaa kimya, anaitazama ile namba.

"Miaka hiyo yote hawajawahi kushinda?"

"Hawajawahi."

"Na laana walikuwa wanaitafuta bwawani."

Mwongozaji aliniuliza mama anasema nini. Nikamwambia amependa nyasi.

Sasa tukapandishwa ukutani. Upande wa kushoto wa Fenway kuna ukuta wa mita 11 na ushee, umesimama mita 94 tu kutoka kwa mpigaji. Mwanzoni ulijengwa wa mbao, kwa sababu tunazozielewa sote: watu walikuwa wanatazama bure kutoka mtaa wa nyuma. Sisi tuna miti na mapaa, wao walikuwa na Lansdowne Street. Baadaye ulijaa matangazo, la sabuni ya Lifebuoy likiwemo, mpaka mwaka 1947 ulipopakwa rangi moja toka juu mpaka chini. Wanauita Green Monster. Niliogopa kutafsiri, lakini rangi haifichiki. Mama alikuwa ameshauona. Alikuwa ameuona tangu tunatoka kwenye ujia wa giza, alikuwa ananisubiri tu.

"Unaitwaje huu?"

"Zimwi la kijani, mama."

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," akasema, akaupigapiga ukingo kwa kiganja kama mtu anayesalimia ng'ombe wake.

Juu ya zimwi wameweka viti tangu 2003. Chini yake, ndani ya ukuta wenyewe, kuna ubao wa matokeo unaobadilishwa kwa mkono. Watu wanakaa humo mechi nzima wanachomeka vibao vya namba kupitia vitundu. Katoto kale kakaeleza kwamba kwenye mistari myeupe ya ubao kuna herufi za kwanza za majina ya Tom na Jean Yawkey, waliomiliki timu, kwa alama za Morse za simu ya upepo. Makofi. Mama yeye akauliza hao walio ndani ya ukuta wanajisaidia wapi. Nilitafsiri kwa aibu. Mwongozaji akacheka akasema hilo ndilo swali bora la siku, choo hamna. Makofi! Nimetafsiri swali la choo nikapigiwa makofi, na tarehe ya ufunguzi nilikuwa naijua.

Ukisimama pale juu ukatazama ng'ambo, viti vya jukwaa la wazi ni bahari ya kijani. Kati ya kijani hicho kuna kiti kimoja chekundu. Sehemu ya 42, safu ya 37, kiti cha 21. Tarehe 9 Juni 1946 Ted Williams aliupiga mpira mita 153, ukaenda kutua kwenye kofia ya majani ya shabiki aliyekuwa amekaa pale. Ni pigo refu kuliko yote yaliyopimwa humu. Nilimweleza mama kwa hisia zote, nikaongeza kwamba Williams huyo mwaka 1941 alipata wastani ambao hakuna aliyeufikia tena katika ligi yake, mara nne katika kila kumi.

"Sita anakosa?"

"Mchezo ni mgumu, mama."

"Aliyepigwa walimlipa?"

"Sidhani."

Akatazama tena. Kiti kimoja chekundu, peke yake, kimezungukwa na kijani kushoto, kulia, juu, chini.

"Yule pale ni wewe," akasema.

Nilidhani hapo mama amemaliza, kumbe bado hatujafika bustanini. Juu ya paa moja la uwanja kuna shamba la mboga tangu 2015, linalisha majiko ya hapo hapo. Mboga zimepandwa kwenye makreti ya maziwa, mistari na mistari. Kundi linapita, linapiga picha moja, linaendelea. Mama alisimama.

"Sukuma wiki hii."

Ilikuwa sukuma wiki. Majani mapana, ya bluu-bluu, yenye vumbi la nta. Mama akainama kwenye uzio kadiri alivyoweza. Akageuza shingo kutazama chini ya jani bila kuligusa. Akaonyesha kidole: vitundu vidogo, vitatu, vya mviringo. "Wadudu," akaniambia. "Mwambie anyunyize majivu. Asubuhi, umande ukiwepo, yashike. Si mengi." Nikatafsiri. Mwongozaji, ambaye saa nzima alikuwa ametuambia mambo aliyoyasema mara elfu, akatoa kalamu akaandika. Akauliza majivu ya nini. Mama akasema ya kuni, siyo ya mkaa wa kununua. Akauliza kwao anapanda wapi. Mama akasema kwenye viroba vya unga, ukutani, nyumba ya kupanga haina uwanja. Wakaongea hivyo dakika kumi kupitia mdomo wangu, mimi katikati kama kipaza sauti, kundi zima limesimama linasikiliza. Kale katoto kalikuwa hakana la kusema. Hilo nililifurahia, siwafichi.

Niliogopa duka. Ziara zote zinaishia karibu na duka, na nilikuwa najua kitu ambacho mama hakukijua bado. Mwaka 2021 timu yangu, timu nyekundu, ilitoa jezi maalumu ya njano. Mwaka 2025 ikatoa nyingine, ya kijani, kwa heshima ya zimwi. Njano na kijani. Nilipoziona mara ya kwanza nilizima televisheni. Nilimpitisha mama njia ya pembeni, nikamwonyesha mtaa, nikamwambia treni inatuacha.

"Mkwe," akasema, amesimama mbele ya dirisha la duka, "hebu njoo unisomee bei hii."

Nililipa. Mtu utamnyimaje mama mkwe, na bintiye atauliza? Jezi ya njano, saizi kubwa. Kofia ya kijani. Kofia ya pili ya kijani, akasema ya mwenyekiti wa tawi.

Tukazunguka nje kwenda kutazama sanamu ya Ted Williams. Ni sanamu nzuri, anamvika kofia yake mtoto mdogo. Nilikuwa nimebeba mifuko mkono huu na chupa ya maji mkono huu. Mama akaitazama sanamu, akanitazama mimi, akampa simu mzungu mmoja aliyekuwa anapita, akamwonyesha kwa ishara abonyeze wapi. Kisha akaivua kofia ya mzee wangu taratibu, kwa adabu kabisa, akaikunja akaiweka kwenye mkoba wake karibu na Biblia, na kichwani kwangu akaniweka ile ya kijani, mkono wake juu vilevile kama Williams.

Kwenye treni alikuwa anaandika kitu kwenye simu, kidole kimoja, herufi moja moja. Nilidhani anamwandikia bintiye. Tulipofika Lowell picha ilikuwa imeshafika Temeke, na Temeke haikai na kitu. Maandishi yake yalisema: Jangwani ya Marekani, na mkwe wetu amerudi nyumbani.

Saa mbili usiku nikatolewa kwenye kundi la Simba la mtaani kwetu. Nimeomba kurudishwa mara nne. Katibu amejibu kwamba kamati inalishughulikia, na hajasema kamati gani.